Lini Data Hutosha? Nidhamu ya Kungoja katika Majaribio ya Matangazo ya Afya Mtandaoni

Matangazo ya afya, ambayo zamani yalibandikwa ukutani mwa zahanati au kusomwa redioni baada ya taarifa ya habari, siku hizi humfikia mwananchi kiganjani. Hospitali, miradi ya chanjo na ofisi za elimu ya afya hulipia nafasi katika mitandao ya kijamii ili kuwaita wanawake kwenye uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, kuwakumbusha wazazi tarehe za chanjo, au kuwahimiza wenye kikohozi cha muda mrefu wapimwe kifua kikuu. Pamoja na nafasi hiyo huja zana ambayo bango la ukutani halikuwa nayo: uwezo wa kutoa matangazo mawili kwa wakati mmoja, kila moja kwa kundi lake la watu, kisha kuona ni lipi limeitikiwa zaidi.

Zana hiyo ni njema, nayo inastahili kutumiwa. Kasoro imo katika saa ya kuamua. Aghalabu jaribio huanzishwa Jumatatu, takwimu hutazamwa Jumanne asubuhi, na kufikia Jumatano tangazo moja limekwisha kuitwa mshindi na jingine limezimwa. Maswali ambayo tabibu angeyauliza mara moja kuhusu dawa mpya, yaani wagonjwa walikuwa wangapi, walifuatiliwa kwa muda gani na kilihesabiwa nini, hayakuulizwa na mtu. Makala haya yanashikilia hoja moja: utoshelevu wa data hauamuliwi kwa kuitazama data. Huamuliwa kabla ya jaribio kuanza, kwa kuandika idadi, muda na tukio litakalohesabiwa, na kisha kuyaheshimu yaliyoandikwa.

Nne dhidi ya kumi

Ichukuliwe mfano wa hospitali ya wilaya yenye matangazo mawili ya kuwaita wanawake kwenye uchunguzi wa mlango wa kizazi. La kwanza linasisitiza kwamba huduma ni bure. La pili linasisitiza kwamba huchukua dakika chache tu. Kila tangazo limeonyeshwa kwa wanawake 400. La kwanza limebofywa mara 4, la pili mara 10. Asilimia 1 dhidi ya asilimia 2.5! Mwenye kuandika taarifa ya mwezi atasema, bila kudanganya hata tarakimu moja, kwamba tangazo la pili lina nguvu mara mbili na nusu ya la kwanza.

Lakini na achukue sarafu ya shilingi mia, airushe mara 14, na ahesabu vichwa. Sarafu haina upendeleo. Hata hivyo, katika kila michezo 100 ya namna hiyo, takriban 18 itaishia na upande mmoja ukiwa umejitokeza mara 10 au zaidi. Tofauti iliyoonekana kati ya matangazo mawili, basi, ni tofauti ambayo sarafu huitengeneza bila sababu yoyote karibu mara moja katika kila majaribio matano au sita. Hakuna tabibu ambaye angebadilisha dawa ya wodi nzima kwa ushahidi wa kiwango hicho.

Ipo kanuni nyepesi ambayo mtu anaweza kuitumia kwa kikokotoo cha simu. Makundi mawili yakiwa na idadi sawa ya watu waliogawanywa kwa bahati nasibu, na tukio linalohesabiwa likiwa adimu, jumlisha matukio ya pande zote mbili, tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo, kisha kizidishe kwa mbili. Tofauti kati ya pande hizo isipovuka kiasi hicho, ushahidi bado ni dhaifu. Katika mfano uliotajwa, jumla ni 14. Kipeuo chake ni karibu 3.7, mara mbili yake ni 7.5. Tofauti ni 6 tu, kwa hiyo haijavuka. Lau matangazo hayohayo yangeonyeshwa kwa wanawake 4,000 kila moja, na mibofyo ikawa 40 na 100, uwiano ungebaki uleule wa mara mbili na nusu, ilhali mambo yangekuwa tofauti kabisa: kipeuo cha 140 ni karibu 11.8, mara mbili yake ni 23.7, na tofauti ya 60 imekipita kiasi hicho kwa mbali.

Hapo ndipo lilipo fundisho la kwanza. Kinachobeba uzito wa ushahidi ni idadi ya matukio, si idadi ya siku zilizopita wala ukubwa wa asilimia. Tangazo lililoonekana na watu elfu kumi na kubofywa mara tano limetoa habari tano tu.

Kuchungulia chungu

Kanuni hiyo nyepesi ina sharti moja kubwa ambalo wengi hulisahau: ni ya kutumiwa mara moja, mwishoni. Anayeitumia kila asubuhi, akasimamisha jaribio siku ya kwanza tofauti inapovuka mpaka, ameiharibu kanuni yenyewe.

Mwaka 1969 mtakwimu Mwingereza Peter Armitage na wenzake walichapisha hesabu zilizoonyesha ukubwa wa uharibifu huo. Mtafiti anayekubali hatari ya kukosea ya asilimia 5, yaani kutangaza tofauti mahali ambapo tofauti haipo, hubaki na hatari hiyo iwapo ataitazama data mara moja tu. Akiitazama mara mbili, na kuwa tayari kusimama mara yoyote kati ya hizo, hatari hupanda kufikia takriban asilimia 8. Akiitazama mara tano, hufikia 14. Mara kumi, 19. Mara ishirini, karibu 25. Kwa lugha ya kawaida: matangazo mawili yakiwa sawa kabisa, msimamizi anayechungulia mara ishirini kwa nia ya kusimama pale tofauti itakapojitokeza atamvika taji mshindi wa uongo katika jaribio moja kati ya kila manne. Na ikumbukwe kwamba skrini ya matangazo huonyesha hesabu saa yoyote, usiku na mchana. Mara ishirini ni desturi ya siku mbili tatu.

Sababu ya jambo hili haihitaji hisabati ya juu. Mwanzoni, matukio yakiwa machache, asilimia huyumba kama mtumbwi mtupu. Mtu aliyekaa kandokando akingoja wimbi kubwa hawezi kulikosa. Akilinasa wimbi hilo na kulitangaza kuwa ndiyo hali ya bahari, ameripoti ukweli wa dakika moja. Ndiyo maana matokeo makubwa ya mapema mara nyingi hupungua jaribio linaporudiwa. Wahenga walikwisha kusema kwamba ngoma ivumayo sana haidumu.

Haya hayamaanishi kwamba kuchungulia ni haramu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanahisabati Abraham Wald alijenga nadharia ya majaribio yanayopimwa hatua kwa hatua, na baadaye utafiti wa tiba ukapata kanuni zake wenyewe. Mojawapo, iliyochapishwa na O'Brien na Fleming mwaka 1979, huweka mpaka mgumu sana katika utazamaji wa mapema na kuulegeza kadiri mwisho unavyokaribia. Mpishi anaruhusiwa kuonja, alimradi amepanga ataonja mara ngapi, na ladha ya mwanzo isimfanye aipue nyama mbichi.

Hesabu hutangulia

Swali la msingi, basi, ni hili: wangapi wanatosha? Jibu hutegemea mambo mawili, kiwango cha mwitikio wa sasa na tofauti ndogo kabisa ambayo ingestahili kubadilisha uamuzi.

Ikiwa tangazo la sasa hubofywa na watu 2 katika kila 100, na hospitali inataka kujua iwapo jipya litafikisha 3 katika kila 100, kwa viwango vilivyozoeleka katika utafiti wa tiba (hatari ya kosa ya asilimia 5 na uwezo wa asilimia 80 wa kuigundua tofauti iliyopo), zinahitajika takriban nafsi 3,800 kwa kila tangazo. Ikiwa tofauti inayotafutwa ni ndogo zaidi, kutoka 2 hadi 2.5 katika kila 100, idadi huruka kufikia karibu 13,800 kwa kila tangazo. Kuinusa nusu ya tofauti hugharimu takriban mara nne ya watu. Anayetaka kuona vitu vidogo hana budi kununua darubini kubwa.

Hesabu hizi zina faida ambayo haitajwi mara kwa mara: huokoa fedha kabla hazijatumika. Ofisi yenye bajeti ya kuwafikia watu 2,000 tu itagundua mapema kwamba jaribio lake haliwezi kujibu swali lake. Basi ichague swali jingine, kama vile kulinganisha ujumbe mmoja na mwingine ulio tofauti kabisa, badala ya kulinganisha rangi mbili za kitufe kimoja. Au iache kujaribu, itumie tangazo lililoandikwa kwa busara na kukaguliwa na wakunga na wagonjwa wenyewe. Kutojaribu kwa kujua ni bora kuliko kujaribu kwa kujidanganya.

Mbofyo si mgonjwa aliyefika

Hata idadi kubwa haitoshi ikiwa kinachohesabiwa sicho kinachotafutwa. Hospitali haitafuti mibofyo. Inatafuta wanawake waliokuja, wakachunguzwa, na waliokutwa na dalili za awali wakatibiwa. Mkakati wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 wa kuitokomeza saratani ya mlango wa kizazi unalenga asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kufikia umri wa miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamechunguzwa kufikia miaka 35 na tena kufikia miaka 45, na asilimia 90 ya wanaokutwa na ugonjwa watibiwe. Hakuna lengo lolote hapo linalotaja kidole kilichogusa skrini.

Afrika Mashariki ina mfano wake wenyewe, mzito, wa hatari ya kuhesabu kilicho karibu badala ya kilicho muhimu. Kati ya mwaka 2009 na 2011, hospitali sita za Kenya, Tanzania na Uganda zilishiriki utafiti uliojulikana kwa jina la FEAST. Watoto waliolazwa wakiwa na homa kali pamoja na dalili za mzunguko hafifu wa damu waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Mawili yalipewa maji mengi ya mishipani kwa haraka, moja maji ya chumvi na jingine albumini. La tatu halikupewa maji hayo ya haraka. Mwishoni mwa saa ya kwanza, dalili za mshtuko zilikuwa zimetoweka kwa watoto wengi zaidi katika makundi yaliyopewa maji. Aliyesimama kando ya kitanda saa hiyo angeapa kwamba maji yanaokoa. Lakini kilichokuwa kimeandikwa katika mpango kuwa ndicho kipimo kikuu kilikuwa vifo ndani ya saa 48. Vifo hivyo vilikuwa asilimia 10.6 kwa walioongezewa albumini, 10.5 kwa walioongezewa maji ya chumvi, na 7.3 kwa wasioongezewa maji ya haraka.

Mbofyo ni ile saa ya kwanza. Unapatikana upesi, unapendeza machoni, na unaweza kuelekea upande ulio kinyume kabisa na matokeo. Tangazo la kutisha, lenye picha ya uvimbe, linaweza kubofywa na wengi kwa udadisi na kuwafukuza wengi kwa hofu. Tangazo tulivu linaweza kubofywa na wachache, wote wakiwa wamekwisha kuamua kwenda kliniki.

Kuhesabu waliofika hugharimu zaidi, na ni haki kulisema hilo waziwazi. Ikiwa katika kila kumi wanaobofya anafika mmoja, mwitikio hushuka kutoka asilimia 2 hadi asilimia 0.2, na ili kutambua kupanda kutoka 0.2 hadi 0.3 zitahitajika takriban nafsi 39,000 kwa kila tangazo, mara kumi ya hesabu ya mibofyo. Muda nao huongezeka, kwa kuwa mwanamke aliyeona tangazo leo huenda akasubiri siku ya gulio, ruhusa ya kazini au mtu wa kumwachia mtoto. Hospitali isiyoweza kumudu hayo inaweza kutumia hatua ya katikati iliyo karibu zaidi na kliniki, kama vile kupiga simu na kupanga miadi, na kumwagiza karani wa mapokezi aulize kila anayefika swali moja: tangazo gani limekuleta? Kinachotakiwa ni kuchagua tukio hilo kabla ya kuanza, si kulichagua baadaye kwa kuangalia ni lipi limetoa mshindi anayependwa.

Makundi yanayofanana na wiki zilizokamilika

Mambo mengine mawili huiharibu data hata ikiwa nyingi. La kwanza ni mgawanyo. Mifumo ya matangazo ya mitandao imejengwa ili kumtafuta mtu mwenye uwezekano mkubwa wa kubofya. Matangazo mawili yakiachiwa mfumo huo bila kupangwa rasmi kama jaribio lenye mgawanyo wa bahati nasibu, moja laweza kupelekwa zaidi kwa wasichana wa chuo na jingine kwa akina mama wa makamo. Kinacholinganishwa hapo ni watu, si maneno. Hakuna wingi wa data unaoponya kosa hilo. Huliongezea tu sauti ya uhakika.

La pili ni majira. Matumizi ya simu ya Jumatatu si ya Jumapili. Ya mwisho wa mwezi, mshahara ukiwa umeingia na vifurushi vimenunuliwa, si ya katikati ya mwezi. Ya Ramadhani si ya mfungo mosi. Jaribio lianze na kuisha kwa wiki kamili, angalau mbili, hata ikiwa idadi imetimia siku ya nne.

Ipo pia tamaa ya kuipasua data vipande vipande baada ya jaribio kutotoa mshindi: labda tangazo la pili limeshinda kwa wanawake wa miaka 30 hadi 34, wenye simu za aina fulani, nyakati za jioni. Kuhusu tamaa hiyo, utafiti wa ISIS-2, uliochapishwa mwaka 1988 na kuhusisha wagonjwa 17,187 walioshukiwa kuwa na shambulio la moyo, uliacha somo lenye kejeli. Aspirini ilionekana wazi kupunguza vifo. Watafiti wakawagawa wagonjwa kwa nyota za kuzaliwa, na ikaonekana kana kwamba dawa hiyo haiwafai waliozaliwa chini ya nyota ya Mapacha na ya Mizani. Hakuna daktari aliyewanyima aspirini watu wa Mizani. Walilichapisha jambo hilo ili kuonya kwamba anayechimba sana katika data hatakosa kupata kitu, na kitu hicho huenda kikawa bahati tupu.

Lini kusimama mapema ni haki

Subira isigeuzwe kuwa ukaidi. Upo wakati ambapo kuendelea na jaribio ni kosa, na tiba imeweka utaratibu wa kuutambua wakati huo. Utafiti wa FEAST ulikusudia watoto 3,600. Januari 2011 kamati huru ya kusimamia data na usalama ilipendekeza usimamishwe, watoto 3,141 wakiwa wamekwisha kuandikishwa. Vivyo hivyo, Desemba 2006 majaribio mawili ya tohara ya wanaume kwa ajili ya kujikinga na virusi vya UKIMWI, la Kisumu nchini Kenya na la Rakai nchini Uganda, yalisimamishwa kabla ya muda wake. Katika lile la Kisumu, lililokuwa na vijana 2,784, maambukizi yaliyoripotiwa yalikuwa 22 katika kundi la waliotahiriwa na 47 katika kundi la kulinganisha lenye idadi karibu sawa. Kwa kanuni ya kipeuo iliyotajwa juu, mpaka ulikuwa karibu 16.6, tofauti ilikuwa 25. Waliokuwa katika kundi la kulinganisha wakapewa nafasi ya kutahiriwa.

Katika majaribio yote hayo uamuzi haukuwa wa mtu mmoja aliyefurahishwa na skrini. Utazamaji ulipangwa, mipaka iliandikwa, na waliotazama hawakuwa wale wenye hamu ya kushinda. Ofisi ya elimu ya afya haihitaji kamati ya kimataifa. Inahitaji mtu mmoja, labda mtunza takwimu wa hospitali, asiyehusika na utungaji wa matangazo, ambaye peke yake ataona matokeo kabla ya mwisho.

Na mizani ya kusimama isiwe sawa pande zote. Ishara kwamba tangazo linadhuru, kwa mfano wagonjwa wa shinikizo la damu wanafika wakisema wameacha dawa kwa kulielewa vibaya, ichukuliwe kwa uzito hata ikiwa ni ya watu wachache, na tangazo lizimwe siku hiyohiyo. Ishara kwamba tangazo linapendwa inaweza kungoja.

Hoja ya wenye haraka

Wapo watakaosema kwamba tangazo si sindano: hakuna anayekufa kwa kuona picha ya pili badala ya ya kwanza, na kuleta ukali wa utafiti wa tiba katika shughuli ya mawasiliano ni kupoteza muda. Hoja hiyo ina sehemu ya ukweli. Ikiwa matangazo yote mawili ni salama, yana gharama moja, na kesho yanaweza kubadilishwa tena, kuchagua kwa ushahidi mwembamba ni jambo linalovumilika, alimradi taarifa iseme wazi kwamba ushahidi ni mwembamba.

Lakini maamuzi mengi hayaishii hapo. Matokeo ya wiki moja huandikwa katika ripoti, ripoti huwa mwongozo, mwongozo husambazwa mkoa mzima, na kwa jina lake fedha huondolewa kwenye redio au posho za wahudumu wa afya ngazi ya jamii na kupelekwa mtandaoni. Mwanamke wa kijijini asiye na simu janja, ambaye redio ndiyo iliyokuwa ikimwita, hakuwamo katika jaribio. Amo katika matokeo ya uamuzi. Ukali wa ushahidi ulingane na uzito wa kosa. Kadiri uamuzi unavyozidi kuwa mgumu kurudishwa nyuma, ndivyo data inavyopaswa kuwa nyingi.

Neno kwa mgonjwa

Nidhamu hii haimhusu mtoa huduma peke yake. Kila siku mwenye simu huletewa matangazo ya dawa za kisukari, nguvu za kiume, vidonda vya tumbo na uzazi, yakiwa na tarakimu zilizonona. Asilimia kubwa ya waliopona haisemi lolote mpaka ijulikane ni asilimia ya wangapi, walifuatiliwa kwa muda gani, na wale wasiotumia dawa hiyo walikuwaje.

Kwa madai ya usalama ipo hesabu nyingine nyepesi, inayoitwa kanuni ya tatu. Watu kadhaa wakitumia kitu na asidhurike hata mmoja, gawanya 3 kwa idadi yao. Jibu ni kiwango cha madhara ambacho bado hakiwezi kukanushwa. Anayesema kwamba watu 30 wameitumia dawa yake na hakuna aliyedhurika, bado hajakanusha uwezekano wa kumdhuru mtu mmoja katika kila kumi. Kwa watu 300, mmoja katika kila mia. Mgonjwa anayeuliza swali hilo mbele ya muuzaji hafanyi ujeuri. Anauliza swali ambalo kamati za tiba huliuliza.

Ukurasa mmoja kabla ya shilingi ya kwanza

Kinachopendekezwa hapa si kikubwa. Kila kituo cha afya, mradi au chuo kinachotaka kulipia jaribio la matangazo kiandike kwanza ukurasa mmoja. Uwe na swali moja. Utaje tukio moja litakalohesabiwa, lililo karibu kadiri iwezekanavyo na mlango wa kliniki. Utaje tofauti ndogo kabisa yenye maana, idadi ya watu kwa kila kundi, na tarehe ya mwisho, kwa wiki kamili. Useme nani atachungulia kabla ya siku hiyo, mara ngapi, na kwa mpaka gani. Mwisho, useme kitakachofanyika ikiwa hakuna mshindi, kwa kuwa kutokuwapo kwa tofauti kubwa nako ni jibu: linaruhusu kuchagua tangazo lenye gharama ndogo, au lenye heshima zaidi kwa msomaji wake. Ukurasa huo utiwe saini na mganga mfawidhi na mtunza fedha, na fedha zisitoke bila huo.

Data haitoshi kwa sababu meneja amechoka kungoja, wala kwa sababu mhariri wa ripoti anadai takwimu Ijumaa. Hutosha inapofikia kiwango kilichowekwa na watu waliokuwa bado hawajajua nani atashinda. Wahudumu wa afya wanaijua nidhamu hiyo. Huitumia kila wanapokataa kuacha dawa za kifua kikuu katika mwezi wa pili eti kwa sababu kikohozi kimekoma. Ujumbe unaomwita mgonjwa kliniki unastahili uangalifu huohuo.